Kamba Zilipoachiwa

Koti la marehemu lilionekana saa nne asubuhi, limekunjwa vizuri chini ya kiti cha lori la ng'ombe. Waosha malori walilivuta nje pamoja na matambara ya mafuta, na huenda lingetupwa pembeni likasahaulika, ila Kulabu alikuwa akipita na ndoo mbili za maji akakiona kiraka cha kiwiko. Mama yake ndiye aliyekishona, kwa uzi wa kijani kwa sababu siku ile mweusi ulikuwa umekwisha, na marehemu alinung'unika wiki nzima kwamba mkewe amemfanya bendera. Kulabu akaziweka ndoo chini. Hakupiga kelele. Alilibeba koti kwa mikono miwili kama abebwavyo mtoto aliyelala, akavuka uwanja wa machinjio hadi kwenye ukumbi wa kuchinjia, akasimama mbele ya baba yake mdogo.

"Baba Mdogo," alisema. "Limetoka kwenye lori la Dereva."

Baba yake mdogo alikuwa akinoa kisu. Wenzake kazini walimwita Pumzi Moja, kwa kuwa katika miaka ishirini na miwili hakuna ng'ombe aliyewahi kuvuta pumzi ya pili chini ya mkono wake. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mabega ya mbebaji na sauti ya mwimba kwaya, na aliipenda kazi yake kwa namna ambayo watu wa nje hawakuielewa. Akilisikia neno "katili" likitajwa pamoja na "mchinjaji" hununa. Katili, husema, ni yule asiyenoa.

Aliligusa koti. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu kaka yake, mlinzi wa zizi, akutwe alfajiri amelala kifudifudi kwenye samadi, fuvu limepasuliwa kwa mtaimbo na zizi limebaki tupu. Pumzi Moja ndiye aliyemgeuza. Ndiye aliyeyatoa matope mdomoni mwake kwa kidole, akiita jina lake kana kwamba amelala tu. Tangu siku ile alikuwa akila na kulala na kuamka kama watu wote, lakini ndani yake palikuwa na jiwe la moto, na alilitunza.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Kantini. Anakunywa chai."

Kweli alikuwa akinywa chai. Dereva alikuwa mtu wa vichekesho, anayejua majina ya watoto wa kila mfanyakazi, na kwenye mazishi alikuwa amebeba jeneza upande wa mbele, begani, akilia machozi ya kweli. Alipomwona Pumzi Moja akiingia alinyanyua kikombe amkaribishe. Pumzi Moja alikisukuma kile kikombe cha bati kwa kiganja, kwa nguvu zake zote, kikazama mdomoni mwa Dereva pamoja na chai na meno mawili. Hakuna aliyemwambia aanze. Hilo alilikumbuka vizuri baadaye, watu walipokuwa wakigawana lawama kama wagawanavyo maini.

Wengine walikuja wenyewe. Ngumi zilitoka kila upande. Buti la mpira likatua mbavuni, benchi likavunjika, mpishi wa kantini akakumbatia sufuria zake na kulia. Walimburuta Dereva kwa miguu kuvuka uwanja, kichwa kikigonga mawe, hadi ndani ya ukumbi. Pale washika kamba wanne wakafanya wanachokijua. Kamba moja kila mkono, moja kila mguu, mvuto mmoja, chini. Walimlaza pale wanapolazwa ng'ombe, shingo imetandikwa juu ya mtaro wa damu. Yote hayo hayakuchukua muda wa kumaliza sigara moja.

Hapa inafaa kusema jinsi ukumbi ule ulivyofanya kazi, kwa maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Miaka tisa kabla, alichinjwa fahali aliyetoka kwenye lori akitokwa damu puani, damu nyeusi isiyoganda. Alikuwa na kimeta. Watu watatu waliomshika walizikwa ndani ya wiki moja. Tangu hapo Mkaguzi wa nyama aliweka amri ambayo haikuhitaji kubandikwa ukutani: yeyote atakayeona dalili na apige kelele, "Kimeta!" Wakisikia neno hilo, wote huachia kamba papo hapo, hurudi nyuma hadi ukutani, na huinua mikono juu ili ijulikane hawajagusa kitu. Hakuna kuuliza. Kila Jumatatu Mkaguzi aliwafanyisha zoezi hilo kwa kuwashtukiza, hata siku moja akalipiga neno wakiwa wanakula, vijiko vikaruka. Walimcheka, lakini hakuna aliyechelewa.

Sasa walikuwa thelathini na kitu, wamemzunguka mtu aliyelala. Mkaguzi mwenyewe alikuwa amechungulia mlangoni mara moja, kisha akakumbuka kuna karatasi za kujaza ofisini.

"Sema," alisema Pumzi Moja.

Dereva alitema damu. "Nilifungua geti tu, Fundi. Wezi walisema watamfunga kamba, watamwacha. Sikumgusa."

"Koti?"

"Walinipa."

"Ukalichukua."

Dereva alifumba macho. "Kulikuwa na baridi," alisema.

Ukumbi mzima ulilisikia jibu hilo. Kulabu alitoa sauti ambayo haikuwa neno, akamkanyaga Dereva usoni kwa kisigino, na pua ikavunjika kwa mlio mdogo kama wa kijiti. Mtu mmoja nyuma akasema, "Fundi, maliza." Mwingine akasema, "Kisu kiko mkononi mwako, unangoja nini?" Na Pumzi Moja akagundua kwamba kweli kisu kilikuwa mkononi, na kwamba mkono wa kushoto ulikuwa tayari umeshika kinoo na unakipitisha, mara tatu huku, mara tatu kule, kama kila asubuhi.

Yapo mambo mtu hujifunza asiyoyataka. Kila Jumatano jioni, kwa ajili ya amani ya nyumba, Pumzi Moja alimsindikiza mkewe parokiani kwenye darasa la mafundisho ya jamii ya Kanisa. Sista aliyefundisha alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi kabla ya kutumwa pale, na alifundisha hadhi ya binadamu kama alivyofundisha sehemu na desimali: hatua kwa hatua, na anayekosea anarudishwa mwanzo. Pumzi Moja alikaa nyuma na kwa kawaida alisinzia. Jumatano moja tu ndiyo hakusinzia.

"Iko sheria," alikuwa akisema Sista, "ambayo hakuna bunge lililoipitisha na hakuna bunge litakaloifuta. Inaitwa sheria ya maumbile. Mtu anayo kwa sababu ni mtu mwenye akili, si kwa sababu amebatizwa, wala kwa sababu amesoma. Tajiri anayo, mfungwa anayo."

"Na muuaji?" aliuliza Pumzi Moja kutoka nyuma, na watu wakageuka kuona nani ameamka.

"Naye anayo."

"Sasa mbona anaua?"

"Baba, saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Nikija sokoni nikasema ni hamsini na nne, na soko zima likakubaliana nami, itakuwa ngapi?"

Darasa lilicheka, na Pumzi Moja alicheka pia, maana alipenda mtu anayejua kupiga mahali penye mfupa laini. Lakini hayo yalikuwa maneno ya wakati wa amani. Siku ya tatu baada ya mazishi, Sista alipokuja nyumbani na kitabu kwapani, alimkuta uani amekaa peke yake juu ya ndoo.

"Leo usinisomee, Sista. Hayo maumbile yangu yenyewe yananiambia nimtafute aliyefanya hivi nimkate."

"Hiyo ni damu inachemka," alisema Sista. "Isingechemka ningekuogopa. Lakini damu ikichemka haichagui pa kumwagikia, baba."

"Unasema hivyo kwa sababu hukumtoa matope mdomoni."

Sista aliketi chini kando yake. Alikaa naye, kitabu kimefungwa, mpaka jua likatua juu ya paa la jirani, kisha akaondoka bila kuaga. Pumzi Moja alishukuru kwamba amenyamaza, na aliendelea kulitunza jiwe lake.

Kwa hiyo alipopiga goti kando ya mtaro hakuwa mtu mwenye mashaka. Alimwekea Dereva kiganja kwenye paji la uso na kulivuta nyuma, shingo ikakaza. Washika kamba wakakaza nao bila kuambiwa. Aliweka makali pale yanapowekwa, chini kidogo ya taya, akahisi ngozi ikigawanyika upana wa unywele mmoja tu, na damu nyembamba ikatiririka kuelekea sikioni. Alijua kitakachofuata kuliko mtu yeyote mjini mle. Mkono ungevuta kuelekea kwake, mara moja, na ingekwisha.

Dereva akameza mate.

Hakulia wala hakuomba. Alimeza tu, na koo lilipanda na kushuka chini ya makali, na Pumzi Moja aliuhisi mwendo huo mdogo ukipita kwenye chuma, kwenye mpini, hadi ndani ya mfupa wa kidole chake. Hivyo ndivyo mtu humeza anapoitwa mbele ya wazee na ana jambo la aibu la kusema. Kaka yake alimeza hivyo siku alipokwenda kuposa. Yeye mwenyewe humeza hivyo kila anapoingia kuungama.

Huruma haikuja. Hilo alilirudia baadaye kwa kila aliyemsifu, mpaka wakachoka kumsifu. Chuki ilikuwa palepale, nzima, haijapungua hata chembe, na kama angepewa nafasi ya kumwona Dereva akifa kwa radi angeketi na kutazama. Kilichokuja ni kitu kikavu kuliko huruma. Alijua. Alijua kwamba aliyelala pale ni mtu, kwamba ameufungua mlango wa mauaji na akavaa koti la aliyeuawa, na kwamba pamoja na hayo yote hili halifanywi. Aliitafuta sababu ya kulipinga, na sababu alikuwa nazo tele, zikalia zote kwa pamoja kama ng'ombe zizini, na lile jambo likabaki vilevile.

"Acheni," alisema.

Sauti haikutoka vizuri. Hakuna aliyesikia.

"Kata!" mtu alipiga kelele. "Kata, Fundi!"

Aliinua macho akawatazama, na akaona nyuso ambazo amekula nazo miaka ishirini. Mzee wa Ngozi, mkuu wa wachunaji, aliyemsimamia ndoa yake, alikuwa ameumia mdomo kwa kuung'ata mwenyewe na hakujua. Kama angeinuka tu na kwenda zake, Kulabu angekiokota kisu, na Kulabu hajui kukata. Ingekuwa kazi ya dakika tano. Kuhubiri hakujui. Hata kama angejua, nani angesikiliza?

Basi alijaza mapafu yake ya kwaya, akapiga lile neno.

"Kimeta!"

Kamba ziliachiwa. Mikono minne ilifunguka kabla vichwa vinne havijafikiri, na ukumbi mzima ukarudi nyuma kwa kishindo cha mabuti, migongo ikapiga ukuta, mikono yote juu. Hata Kulabu alikuwa ukutani na mikono yake juu. Kwa muda wa pumzi tatu au nne hapakuwa na sauti ila maji yaliyokuwa yakivuja kwenye bomba. Walisimama vile, watu wazima wenye aproni zilizolowa, kama waliokamatwa wakiiba, na katikati ya sakafu alikuwapo mtu mmoja anayejaribu kujigeuza kwa ubavu na hawezi. Pumzi Moja alikiinua kisu juu ya wavu wa mtaro na kukiachia. Kiligonga chini mahali fulani, mbali, kwenye maji machafu.

Kulabu ndiye wa kwanza kushusha mikono. "Umetudanganya."

"Nimewadanganya."

"Hana kimeta."

"Hana."

Kando ya winchi palikuwa na nondo ya kuizungushia, urefu wa mkono wa mtu. Kulabu aliichomoa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, anayeinua nusu ya ng'ombe peke yake hadi kwenye kulabu, na ndiyo asili ya jina lake.

"Toka hapo, Baba Mdogo."

Pumzi Moja alisogea, lakini alisogea kumfunika Dereva, magoti huku na huku kama mtu anayechuna. "Sitoki."

"Ni baba yangu!"

"Alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako. Nipe hiyo nondo."

Nondo ilishuka. Ilikuwa inatafuta kichwa cha Dereva, na Pumzi Moja aliinua mkono wa kulia, ule wa kisu, bila kufikiri. Mifupa yote miwili ya mkono ikakatika. Aliusikia mlio kabla ya maumivu, na fikra yake ya kwanza, ya kijinga, ilikuwa kwamba kesho hatachinja. Pigo la pili lilimpata begani likamlaza juu ya Dereva, uso kwa uso, damu ya puani ikamchafua shavu. La tatu lilimpita na kuangukia goti la Dereva, na Dereva alipiga yowe lililotoboa masikio hadi barabarani. La nne halikuja. Mzee wa Ngozi alikuwa ameondoka ukutani na kumkumbatia Kulabu kwa nyuma, na wengine wawili wakafuata, na wengine, na Kulabu alizidi kupiga hewa na kichwa na miguu mpaka nguvu zikamwisha akaanza kulia kwa sauti kubwa, kama mtu ambaye hakuwa amelia siku ya mazishi. Na kweli hakuwa amelia.

Mkaguzi alirejea akiwa na polisi na uso wa mtu aliyewaita yeye.

Dereva alipelekwa hospitali na askari mlangoni. Siku ya pili, akiwa na meno machache na goti lililofungwa kwa chuma, aliwataja wenzake watatu, na wote watatu walikamatwa. Mmoja bado alikuwa na mtaimbo nyumbani, ameufanya komeo la mlango. Pumzi Moja alirudishwa kwake na plasta kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Daktari alimwambia mifupa itaunga, ila mkono hautarudi kuwa ule. Mitaani watu waligawanyika. Wapo waliovuka barabara kumpa mkono wa kushoto, na wapo waliovuka barabara wasimpe. Mwuza mkaa alimwuliza mbele za watu kama muuaji akikosa mahali pa kulala atamtandikia kitanda.

Mjane wa kaka yake alikuja Ijumaa. Alikaa sebuleni, mkoba mapajani.

"Shemeji," alisema, "mimi ningekuwa pale ningeshika kamba."

"Najua."

"Sijui nikushukuru au nikulaani. Nimejaribu yote mawili njiani, yamenishinda."

"Usijilazimishe."

Aliinuka, akaingia jikoni, akaviosha vyombo vyote alivyovikuta kwenye beseni, hata vilivyokuwa safi. Kisha akaenda zake.

Jumatatu ilikuwa siku ya Pumzi Moja kutoa maelezo kituoni. Sasa polisi walitaka kujua ni akina nani waliompiga Dereva, na mpaka hapo walikuwa wameandika maelezo ya watu thelathini ambao wote, kwa bahati ya ajabu, walikuwa chooni. Choo cha machinjio kina tundu mbili. Mkewe alikuwa ameshatoka mapema kwenda kazini, na yeye alikuwa amesimama katikati ya sebule, shati limeingia mkono mmoja na mkono wa pili umening'inia juu ya plasta, akipigana na kifungo cha kwanza kwa mkono wa kushoto na kushindwa, Kulabu alipobisha hodi.

Hawakuwa wameonana tangu siku ile. Kulabu alisimama mlangoni akiitazama plasta, halafu akatazama pembeni.

"Mama amenituma nikusindikize."

"Karibu. Nifunge hivi vifungo, nitachelewa."

Kulabu akaja. Alianzia chini, kifungo kimoja kimoja, kwa vidole vinene visivyozoea kazi hiyo. Walikuwa karibu sana, kila mmoja akiisikia pumzi ya mwenzake.

"Mimi nisingeacha, Baba Mdogo."

"Najua."

"Hata leo. Nikimkuta peke yake, sijui."

"Na mimi bado namtaka," alisema Pumzi Moja. "Kila siku nikiamka namtaka. Usidhani imeondoka."

Kulabu alifunga vifungo viwili. "Utawaambia nini kule?"

"Kwamba mimi ndiye niliyeanza. Nilimpiga na kikombe. Na nilimwekea kisu shingoni."

"Watakufunga."

"Huenda."

"Wenzako wote wamesema hawakuona kitu. Ukinyamaza, basi, imekwisha. Kwani ulifanya nini? Wewe ndiye uliyemwokoa!"

"Mimi ndiye niliyemlaza pale, mwanangu. Kosa lake atalilipa mwenyewe. Na langu hakuna atakayenilipia."

Vidole vilifika kifuani. "Na mkono?" Kulabu aliuliza kwa sauti ndogo. "Wakikuuliza nani alikuvunja mkono?"

Pumzi Moja aliutazama uso ule, wenye taya la kaka yake na macho ya shemeji yake. Alikuwa amelala siku nne na swali hilo. Kusema uongo mmoja zaidi ilikuwa rahisi; alikwisha kupiga uongo mmoja mbele ya watu thelathini na mtu akapona. Lakini ule aliupiga ili mikono ifunguke. Huu ungekuwa wa kufungia.

"Nitawaambia habari zangu tu," alisema. "Za kwako ni zako. Wakiniuliza nitanyamaza, wafanye watakavyo. Sitakutaja, na sitasema nilianguka."

Kulabu alimaliza kifungo cha shingo. Alikaza kola, akailaza vizuri pande zote mbili, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Mikono yake ilibaki pale, juu ya mabega ya baba yake mdogo.

"Kituo kinafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

Kulabu alijitazama. Alikuwa amekuja na fulana ya kazini, yenye madoa ya wiki nzima.

"Una shati lingine?" aliuliza.